Fremu Isiyo na Picha

Alibisha hodi kama mteja.

Tangu tujuane, Fundi hakuwahi kubisha mlango wangu. Alizoea kupiga mluzi kuanzia ngazi ya chini, akipanda polepole kwa sababu ya mbao alizobeba begani, na mimi huku juu ningebandika birika kabla hajafika. Mchana ule hapakuwa na mluzi. Nilisikia ngazi zikilia, kisha kimya, kisha vidole vikigonga taratibu.

"Hodi."

"Karibu," nilisema, nikijifuta mikono kwa tambara lenye tapentaini. "Tangu lini unapiga hodi hapa?"

"Watu hupiga hodi," alisema. "Hujambo?"

"Sijambo. Habari za kazi?"

"Nzuri. Za kwako?"

"Nzuri."

Tulisalimiana kama watu wawili waliokutana kwenye foleni ya benki. Alibaki amesimama karibu na mlango, maji ya mvua yakimdondoka mabegani, penseli yake ikiwa mahali pake nyuma ya sikio. Fundi ana masikio makubwa. Nilipomjua niliwahi kumwambia kwamba Mungu alimpa masikio yale ili apate pa kuweka penseli, naye alicheka mpaka akakata mbao vibaya. Sasa hakuwa ananitazama. Alimtazama mzee aliyekuwa kwenye stendi yangu ya kuchorea.

"Huyu naye ni marehemu?"

"Wa wiki hii."

"Amefika wapi?"

"Amefika puani."

Huo ulikuwa utani wetu wa zamani. Kazi yangu ni kuchora marehemu. Familia huniletea picha ndogo, mara nyingi ya kitambulisho, imekunjika au imeliwa na unyevu. Naigawa kwa vimraba vya penseli, kisha naikuza mraba kwa mraba, hadi mtu wao arudi akiwa mkubwa wa kutosha kutundikwa sebuleni. Fundi naye hukata kadi nene ya kuizungushia, hutengeneza fremu, na humwuliza kila mteja swali lake lile lile: "Na kioo, au bila kioo?" Ndivyo tulivyojuana. Mimi nilileta nyuso, yeye akaleta kingo.

Ni kazi ya heshima, lakini haina mchezo ndani yake. Binti mmoja aliwahi kusimama mbele ya picha ya baba yake, picha niliyoichora mpaka macho yakaniuma, akasema kwa sauti ndogo, "Pua siyo yake." Hakunilaumu. Alilia tu. Tangu siku ile mkono wangu ukajifunza woga. Kila ninapoinua brashi, namwona yule binti.

"Bi Rangi," Fundi alisema, na jina hilo la utani likanipa matumaini kwa kitambo kidogo. "Nimekuja kuchukua fremu."

Wote wawili tuliinua macho.

Ilikuwa ukutani, juu ya meza yangu. Mvua za mwaka uliopita zilipokuwa zinaisha aliileta imefungwa kwa blanketi, akaifunua hapo hapo mezani. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile kikitoka mikononi mwa mtu ninayemjua. Mbao nyekundu, imepigwa msasa ikawa laini kama shavu. Kona zimeungana bila kuonyesha mshono. Na pande zote nne alikuwa amechonga majani madogo madogo, hakuna jani lililofanana na jingine.

"Mimi maneno sijui," aliniambia siku ile. "Najua mbao. Chora humu kitu chochote unachokipenda. Siku utakaponiita nije kufunga kioo, nitajua umenikubali, na wazee wangu watakwenda kwa shangazi yako."

Nililia, nikacheka, nikaitundika kwa mkono wangu mwenyewe. Mvua zikaisha, jua likaja likapita, mvua zikarudi. Fremu ilikuwa bado inaonyesha ukuta.

"Kuichukua?" niliuliza. "Kwani ina kasoro?"

"Haina kasoro."

"Basi unaipeleka wapi?"

"Ilikotoka. Karakana."

"Fundi, nitazame."

Alinitazama, nami nikajuta kumwambia. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyelala na viatu.

"Mama anasema mwanamke mwenye adabu hasemi hapana," alianza. "Anaacha tu, mpaka mwanamume aelewe mwenyewe. Anasema fremu kukaa tupu muda wote huu, tena ukutani kwa mchoraji, hilo ndilo jibu, ila mimi ndiye sitaki kuliona."

"Mama yako hajaniona hata siku moja. Moyo wangu ameujulia wapi?"

"Ndiyo hivyo, hajakuona! Kila nikimwambia nitakuleta, ananiuliza, amekubali? Namwambia, bado anachora. Wiki inayofuata, amekubali? Bado anachora." Alijifuta maji usoni. "Hata wewe ungechoka, Bi Rangi. Kesho wajomba wanakwenda kwa watu."

"Watu gani?"

"Rafiki yake mama. Ana binti mshonaji."

"Yukoje?"

"Mpole. Mama anampenda."

"Na wewe?"

"Mimi nimemwona mara moja tu. Alikuwa ananipima suruali."

"Alikupima wapi?"

"Kiuno! Suruali hupimwa wapi?"

"Basi mnafaana. Watu wa tepu nyote wawili."

Kona ya mdomo wake ilitikisika. Niliiona. Akaikaza haraka, kama mtu anayefunga mlango mbele ya paka. "Usinichekeshe. Leo sikuja kucheka."

"Nami sichekeshi." Sauti yangu ilikuwa imepanda bila kuniomba ruhusa. "Nina kazi, Fundi. Unaona mwenyewe. Watu wanakufa kila siku na jamaa zao wananisubiri."

"Na sisi je?" aliuliza taratibu. "Tufe kwanza ndipo utuchore?"

Ningeweza kumwambia. Ningemwambia jinsi nilivyokaa mbele ya kitambaa cheupe cha kuchorea jioni baada ya jioni. Nilichora maua, nikayafuta. Nikachora dirisha, nikalifuta. Nikajaribu kumchora yeye, kwa vimraba, kama ninavyojua. Na alipofika puani nikaona nimemfanya marehemu, macho yaleyale yaliyotulia, nikaogopa na kumfuta kwa tapentaini. Ningemwambia kwamba kila nikiitazama fremu yake mkono unafungana. Lakini utamwambiaje mtu kwamba zawadi yake ni nzuri mno, inakutisha? Na tayari kulikuwa na mshonaji mpole anayesubiri.

"Kama ni yako," nilisema, "ichukue."

Aliinamisha kichwa. Chini ya kwapa lake, ndipo nikaona, alikuwa na blanketi lile lile. Alikuja nalo. Alishaamua tangu akiwa kwake.

Alipanda kwenye kigoda, akaishusha kwa mikono miwili kama mtu anayemshusha mtoto aliyelala, akaifunga. Mlangoni alisita. Nilifikiri atageuka.

"Kwaheri, Mchoraji," alisema, akiwa amenipa mgongo.

Bi Rangi hakuwapo tena. Ngazi zililia zikishuka naye, kisha mlango wa chini, kisha mvua.

Pale ilipokuwa fremu, ukuta ulikuwa na alama ya mstatili mweupe. Kumbe chumba chote kilikuwa kimechafuka kwa moshi wa jiko na mvuke wa tapentaini, kidogo kidogo, nami sikujua. Pale tu ndipo palipobaki kama palivyokuwa siku nilipohamia. Nilikaa nikipatazama. Nyumba za watu zina sauti zake: kwa jirani wa kulia watoto walikuwa wanagombania kiti, kwa jirani wa kushoto mke alikuwa akimwita mumewe aje ashike kitu kizito. Kwangu palikuwa na bomba linalodondosha tone, na wazee watatu wamegeuziwa ukuta wakisubiri rangi zao zikauke. Nimeishi na watu wengi sana katika chumba hiki. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekula.

Simu ililia. Niliirukia. Alikuwa shangazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona sauti imelowa?"

"Ni mvua."

"Mvua inanyesha kooni?"

Shangazi ndiye aliyenilea. Kumficha jambo ni sawa na kuficha moshi kwapani. "Fundi amekuja kuchukua fremu yake," nilisema.

Alishusha pumzi ndefu. "Heri. Nilikwambia mapema. Picha ni yako, ukuta ni wa mteja, yeye ana nini? Ana pembeni tu. Mwanamume gani anajenga zizi kabla hajapata ng'ombe?"

"Ng'ombe ni mimi?"

"Usinikoroge. Unajua ninachosema."

Niligeuka kwa hasira, kiwiko kikagonga kikombe. Chai iliyopoa ikatambaa mezani, ikanywewa na kipande cha kadi nilichokuwa nimelaza brashi juu yake.

"Nini hicho?" shangazi aliuliza.

"Nimemwaga chai."

"Haya, umeanza. Tangu utotoni, ukinuna unamwaga kitu, halafu unachora ulichomwaga. Ukuta wangu wa jikoni unaukumbuka? Mchuzi uliruka, ukautia macho na mkia."

"Ukanichapa."

"Nikakuchapa, ndiyo. Na wewe kesho yake ukanichora mimi, birika."

Nilishtuka. "Ulijua kuwa ni wewe?"

"Mwingine nani nyumba ile alikuwa na mdomo mrefu vile, unatoa mvuke kutwa kucha? Nilijifungia chumbani nikacheka mpaka mbavu zikaniuma."

"Shangazi! Mbona hukuniambia?"

"Ili uzoee?" Akakohoa kidogo. "Haya, tia kitu tumboni. Na huyo mtu wa kingo mwache aende zake." Akakata simu bila kuaga, kama kawaida yake.

Nilibaki na simu mkononi. Miaka yote niliamini kwamba birika lile lilimuumiza. Kumbe alikuwa nyuma ya mlango, anacheka.

Nilichukua kile kipande cha kadi ili nikitupe. Kilikuwa kiini. Fundi anapokata dirisha kwenye kadi ya kuzungushia picha, kipande cha katikati hudondoka na kuwa takataka. Yeye alikiita kiini, kama cha yai, akawa ananikusanyia. Zamani nilivichorea upuuzi: mbuzi waliovaa tai, mwenye nyumba wangu akiwa komeo. Hakuna aliyewahi kulia juu ya kiini. Fundi alivibandika kwenye ukuta wa karakana yake, na siku moja aliniambia kwamba alianza kunipenda kwa yule komeo, kabla hata hajajua jina langu. Lakini alipoleta fremu, niliacha. Nilijiona sasa natakiwa kuchora kitu cha maana. Yeye aliendelea kuleta viini, mimi nikaendelea kuvisukumia chini ya kitanda.

Doa la chai lilikuwa limetanuka upande mmoja na kuchongoka upande wa pili. Lilikuwa na kifua. Lilikuwa, ukilitazama vizuri, na kiburi.

Kuku.

Sikuamua. Brashi ilikuwa hapo, na jicho ni nukta moja tu. Nikalitia jicho. Jicho likanitazama kwa dharau, nikalipa miguu. Nje kulikuwa na matope, na kuku mwenye kiburi kile asingekubali kuchafuka, kwa hiyo nikamvalisha viatu, vyenye kisigino. Kisha nikajiuliza kuku kama huyu anakwenda wapi, na jibu likaja lenyewe: anakwenda kutengenezewa fremu. Nikamchora fundi amepiga magoti mbele yake, anampima kwa tepu, penseli sikioni, na masikio yamepita ukingo wa kadi yote mawili.

Nilisikia sauti chumbani. Ilikuwa mimi. Nilikuwa nacheka peke yangu, machozi bado yako shavuni.

Nikaingia chini ya kitanda nikalivuta boksi la viini. Vumbi lake lilinipigisha chafya. Nilichukua kiini cha juu na kuchora kabla mkono haujakumbuka kuogopa. Bila vimraba. Penseli sikuigusa. Nilimchora mzee wa kwenye stendi ametoka kwenye picha yake, yumo ndani ya droo yangu, anapekua brashi na mirija ya rangi akitafuta pua. Niliharibu mkono wake mmoja. Ukawa mrefu kama mpira wa kumwagilia maji. Nikauacha. Ulimsaidia kufika mwisho wa droo.

Kiini kingine. Hiki kilianza kama mzaha, kikaniponyoka. Nilichora fremu, fremu yake, na yale majani. Lakini majani yakatoka yamechongoka, yakawa meno. Ndani hakukuwa na picha, kulikuwa na koo. Na mbele yake nikamweka mwanamke mdogo aliyejificha nyuma ya brashi nyembamba, akidhani haonekani. Sikucheka. Nilikitazama mpaka rangi ikakauka. Jambo nililoshindwa kumwambia mwaka mzima lilikuwa pale, nimelichora kwa muda wa kuchemsha maji.

Cha mwisho nilikichora kwa vidole. Rangi nyekundu, manjano, buluu niliyokuwa nimemwekea mzee kwa ajili ya koti lake. Fremu ile ile, lakini sasa imefungwa kamba mbili juu ya tawi, imekuwa bembea. Mwanamke amekaa kwenye mbao ya chini, miguu imetoka nje, kiatu kimoja kinaruka. Nyuma yake mtu wa masikio makubwa anasukuma kwa nguvu zake zote.

Mvua ilikuwa imekatika. Nilivifunga viini kwa tambara na kushuka mbio, mkono mmoja una buluu hadi kwenye kifundo.

Karakana yake iko nyuma ya duka la vioo, kwenye uchochoro unaonuka gundi. Mlango wa bati ulikuwa umeshushwa. Lakini kufuli halikuning'inia nje, na ndani nilisikia nyundo ndogo, ile anayotumia kwenye kona, ikigonga kwa kusita.

"Fundi."

Nyundo ikanyamaza.

"Tumefunga," sauti ikasema.

"Mmefunga wewe na nani?"

"Mimi na kazi."

"Kazi gani?"

"Nafungua kona."

Alikuwa anaivunja. Nilitaka kupiga bati kwa ngumi, kusema usithubutu, kusema maneno makubwa ambayo sijawahi kuyaweza. Badala yake nilichuchumaa kwenye matope, nikafungua tambara, nikampenyeza kuku chini ya mlango.

Nilisubiri. Nilisikia hatua, nikasikia karatasi ya msasa ikikanyagwa.

"Huyu kuku ni nani?"

"Mteja."

"Mbona amevaa viatu?"

"Kuna matope huku nje. Ningejua ningevaa vyake."

"Masikio yangu siyo makubwa hivi."

"Niliyapunguza."

Pua yake ilitoa mlio. Mfupi, kama valvu ya jiko, lakini niliujua. Nikaegemeza paji la uso kwenye bati. Lilikuwa baridi na la kutu, na nilihisi kama nimefika mahali. Nikampenyeza mzee wa droo. Safari hii alicheka waziwazi, akasema, "Maskini, amefika puani bila pua," kisha akakumbuka na kunyamaza.

"Bi... Mchoraji. Umekuja kunionyesha vichekesho? Leo?"

"Kuna kingine."

Nikampa fremu yenye meno. Nilisikia kidole chake kikipita juu ya rangi kavu.

"Hii ni yangu," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Ina meno."

"Ndivyo nilivyoiona." Nilizungumza na bati, na labda ndiyo maana niliweza. "Ilikuwa nzuri mno, Fundi. Kila nilichokifikiria kilikuwa kichafu mbele yake. Nilikaa kila jioni. Nilikuchora hata wewe, ukanitokea marehemu, nikakufuta nikilia. Sikuwa nakataa. Nilikuwa naogopa kukosea pua yako."

"Nilikupa fremu," alisema, na sauti yake ilikuwa karibu sana sasa, chini, kama naye amechuchumaa. "Sikukupa mtihani."

"Najua. Mkono wangu haukujua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa jibu."

Simu yake ikalia humo ndani. Nilijua ni mama yake kwa jinsi alivyokohoa kabla ya kupokea.

"Shikamoo, Mama... Nipo karakana... Hapana, sijala... Najua, kesho. Nimesikia, Mama." Nilimsikia akipumua. "Kuna mteja hapa mlangoni... Ndiyo, nilishafunga... Mama, huyu siwezi kumwambia arudi kesho."

Simu ikakatwa. Uchochoroni mtu alipita na toroli la chupa tupu, akanitazama nilivyochuchumaa, akaendelea na safari yake. Nilibaki na kiini kimoja mkononi. Hicho nilikiogopa kuliko vyote, kwa sababu hakikuwa kizuri. Alama za vidole zilionekana. Tawi lilikuwa limepinda. Kiatu kinachoruka kilifanana na samaki. Nilikisukuma chini ya mlango kabla sijabadili nia, nikafumba macho.

Nilisikia akikiokota. Nilisikia akienda nacho mbali, mpaka mwisho wa karakana, kwenye dirisha lenye mwanga. Halafu sikusikia kitu.

Miguu yangu ilikufa ganzi. Nilifikiria shangazi na zizi lake. Nilifikiria wajomba wakivaa mashati yaliyopigwa pasi, na mshonaji mpole ambaye hakumkosea mtu yeyote. Nilifikiria chumba changu na ule mstatili mweupe, na kwamba nikirudi nitaukuta vile vile, maana hakuna mwingine wa kuugusa.

Hatua zikarudi. Kitu kikakwaruza sakafu, na kiini changu cha bembea kikatoka chini ya mlango.

Alikuwa amenirudishia.

Nilikitazama kilivyolala kwenye matope, kimegeuzwa, mgongo juu. Ningeweza kukiacha pale. Nilikuwa tayari nimeshainuka nusu nilipoona kwamba mgongo wake haukuwa mtupu.

Kulikuwa na mishale miwili ya penseli, mmoja wa upana, mmoja wa urefu, na pembeni ya kila mshale tarakimu zake ndogo zilizonyooka. Alikuwa amekipima.

"Picha ni ndogo," alisema upande wa pili wa bati, kwa sauti ya kazi, sauti anayowapa wateja wote. Ila ilikuwa ikitetemeka. "Fremu ni kubwa. Itabidi nikate kadi pana sana ya kuizungushia."

"Na kona uliyofungua?"

"Nimeilegeza tu. Gundi iliikataa nyundo." Nikasikia tepu ikijikunja. "Kadi pana ina kiini chake. Kitakuwa chako."

"Mama yako atakasirika."

"Atakasirika. Shangazi yako je?"

"Ameshakasirika. Anasema una pembeni tu."

"Si uongo." Nilisikia kiganja chake kikitua juu ya bati, karibu na mahali nilipoegemeza paji langu. "Kuna swali moja huwa namwuliza kila mteja."

"Nalijua."

"Lazima niulize hata hivyo."

"Uliza."

"Na kioo, Bi Rangi? Au bila kioo?"

Niliweka mkono wangu wenye rangi juu ya bati, nikaona buluu ya koti la yule mzee ikiacha alama za vidole vitano kwenye mlango wake. Sikuifuta.

"Na kioo," nilisema.

Komeo likalia.